Zamu ya Jumapili kwa Jina la Kaka

Nilikuwa nikisema, na watu wa Nyeri mjini wamenisikia nikisema, kwamba hakuna kitu cha kunishangaza mimi tena. Nilisema hivyo hotelini, nikasema benki, nikasema hata mbele ya pasta. Mtu aliyeacha shule darasa la tatu, akaswaga mbuzi kwa miguu kutoka Doldol mpaka Nanyuki na kuwafikisha wote sokoni, halafu akalinda ghala la mzungu kule Kiganjo miaka sita kwa rungu na blanketi moja, mtu huyo ashangazwe na nini?

Mzungu yule alipouza shamba na kwenda kwao baada ya uhuru, wenzangu walikaa chini wakalia kwamba kazi imekwisha. Mimi sikulia. Nilipanda basi hadi Nanyuki nikanunua makoti ya jeshi yaliyokwisha kuvaliwa, kumi na mawili, mazito, yenye vifungo vya shaba. Kisha nikatafuta wanaume kumi na wawili wa kuyajaza. Kampuni yangu ilianza hivyo, makoti kwanza, watu baadaye. Miaka kumi haikupita kabla sijawa na masoja sabini na mmoja kutoka Murang'a mpaka Nanyuki. Walilinda maduka ya Wahindi, stesheni za petroli, shule mbili na viwanda vitatu vya kahawa. Vijana waliosoma mpaka Makerere walikuja kwangu kuomba kazi, na mimi nilikuwa nikisoma gazeti kwa kidole.

Kitu kilichonichosha ni vitabu. Ofisi ya leba, ile ya serikali ya mambo ya wafanyakazi, ilitaka kila mwajiri wa masoja awe na fomu ya kila mtu: picha yake, namba ya kipande cha kitambulisho, siku alizofundishwa, mambo aliyofundishwa, sahihi ya mwalimu. Tena ilitaka kitabu cha zamu ambacho soja anatia sahihi akiingia na akitoka, kila siku. Watu wa bima nao walitaka nakala ya hayo yote, la sivyo hawalipi soja akiumia. Mimi niliona karatasi ni ya watu wasio na kichwa. Ungeniamsha usingizini ukaniuliza nani yuko lango la nyuma la stesheni ya Karatina, ningekutajia yeye, baba yake na mto wanakoteka maji.

Lakini kufundisha nilifundisha, wale wa kwanza. Siku tatu nzima, nyuma ya posho mili, kinu cha kusaga mahindi, mimi mwenyewe. Niliwaonyesha jinsi ya kushika tochi mbali na mwili, jinsi ya kupuliza filimbi, jinsi ya kusema na mlevi bila kumgusa. Na siku ya tatu nilifundisha lango. Niliwaambia, "Lango halifunguliwi na karatasi. Lango linafunguliwa na uso unaoujua." Halafu nilikuwa nikimtuma mtu na barua iliyopigwa muhuri mwekundu kabisa, na soja aliyemfungulia alizunguka uwanja na gunia la mahindi mgongoni wenzake wakimcheka. Hakuna aliyelibeba mara mbili. Mpigapicha wa mjini alikuja akawapiga picha mmoja mmoja, wakiwa wamekaza shingo kama jogoo, na picha zikabandikwa kwenye fomu. Fomu hizo zilikuwa za kweli.

Baadaye kazi ilikua na siku tatu zikawa siku moja, kisha nusu siku, kisha zikawa kalamu tu. Nilimwajiri karani mmoja mzee aliyestaafu kutoka chama cha ushirika, mtu wa mwandiko mzuri kama wa biblia. Yeye ndiye aliyejaza fomu za mafunzo, mimi nikatia sahihi. Yeye ndiye aliyejaza pia vitabu vya zamu. Alivijaza Ijumaa alasiri, wiki nzima kwa mkao mmoja, pamoja na Jumamosi na Jumapili ambazo hazijafika, kwa sababu wikendi alipenda kwenda kwake kutazama ng'ombe.

Afisa wa leba alipokuja kukagua, kijana mwembamba mwenye sweta, aliviinua vitabu kimoja kimoja mpaka kwenye dirisha.

"Mzee, hii kitabu yako ni safi sana."

"Asante, kijana wangu."

"Sikusema nakusifu. Hawa masoja sabini hawana matope kwa vidole? Hakuna hata mmoja anachelewa? Mvua ya juzi haikunyeshea mtu?"

"Masoja wangu ni wa nidhamu."

"Na wote wako na mwandiko moja?"

Nilicheka, karani akacheka, tukamletea chai na mkate. Aliacha barua ya onyo, kurasa mbili. Niliiweka kwenye droo. Nilijiambia kwamba mtu aliyezaliwa juzi hawezi kunifundisha kazi niliyoianza kabla hajaota meno.

Sasa, kuna jambo ambalo afisa yule hakulijua, na mimi nililijua sana. Kwetu kazi si ya mtu, kazi ni ya nyumba. Mmoja akiandikwa, wamekula wote. Mvua ikianza na shamba likiita, aliyeandikwa anabaki kupanda, na ndugu yake anavaa koti kwenda kusimama langoni. Wanarudishiana koti kama jembe. Nilijua, na sikukataza. Koti likiwa na mtu ndani, mteja alikuwa ameridhika, na mimi nilikuwa nimeridhika.

Kaka yule mkubwa nitakayemtaja hapa alikuwa mmoja wa wale kumi na wawili wa kwanza. Mtu mpole, mrefu, asiyekosa. Nilimpa kiwanda cha kahawa upande wa Othaya, mahali pa kuaminiwa, maana ilikuwa miaka ile kahawa ilipanda bei mpaka watu wakawa wanalala na magunia kitandani. Mvua za vuli zilipofika alitaka kupanda maharagwe, akampa mdogo wake koti. Mdogo alikuwa na mke na watoto watatu na robo ekari. Hakuwahi kukanyaga nyuma ya posho mili yangu. Hakujua kusoma, na aliheshimu karatasi kama mtu anavyoheshimu kitu asichokijua.

Ilikuwa Jumapili, karibu saa tano asubuhi, watu wote wako kanisani. Lori lilisimama nje ya kiwanda. Mama mmoja aliyekuwa amechelewa ibada aliona yote akiwa barabarani. Wanaume watatu wenye makoti ya vumbi, yale ya wafanyakazi wa ghala, walishuka, wakatoa karatasi yenye muhuri, wakasema wametumwa kuchukua kahawa kavu. Mdogo aliishika karatasi kwa mikono miwili. Akaigeuza. Akafungua lango.

Alisaidia hata kupakia magunia, mama yule alisema. Alipowaona wanavunja kufuli ya ghala la pili ndipo alipoelewa. Hakupuliza filimbi. Filimbi ilikuwa mfukoni mwa koti, nadhani hakujua iko. Alikimbia akasimama katikati ya lango, mikono ameitandaza hivi, kama mtu anayezuia ng'ombe. Lori halikupunguza mwendo.

Lango halifunguliwi na karatasi. Maneno manne. Yanafundishwa kwa dakika tano, na mimi ninajua kuyafundisha kuliko mtu yeyote kutoka hapa mpaka Meru.

Niliitwa kutoka kanisani. Nilipofika, koplo wa polisi alikuwa amefunua blanketi. Niliutazama uso ule nikajua mara moja kwamba si yule niliyemwandika. Koplo alikuwa amepata kadi ya kampuni kwenye mfuko wa koti. Akasoma jina la kaka kwa sauti, akaniuliza, "Huyu ni soja wako?"

Nikasema, "Ndiyo."

Nimelifikiria neno hilo miaka mingi. Alikuwa soja wangu, kwa hiyo sikusema uongo. Lakini koplo aliandika jina lile alilolisoma, na mochari wakaandika alivyoandika koplo, na cheti cha kifo kikatoka hivyo. Na kitabu cha zamu nilichotuma kituoni jioni ile kilikuwa na jina lile lile la kaka, Jumapili, ameingia saa kumi na mbili kamili, mwandiko wa biblia. Ameingia na ametoka. Karani alikuwa amekwisha kumtoa kazini saa kumi na mbili jioni, na saa hiyo haikuwa imefika alipouawa.

Siku ya pili nilikwenda nyumbani kwao na gari langu, na sukari, na blanketi. Wazee wa ukoo walikuwa wamekaa. Niliwaeleza mambo waziwazi, kwa sababu mimi si mtu wa kuzunguka. Nikasema, kaka ana fomu, ana picha, amefundishwa, bima inamjua. Huyu aliyelala mochari hajaandikwa popote. Nikipeleka jina lake, bima itasema hatumjui, na watoto hawatapata hata senti. Lakini karatasi tayari zimesema aliyekufa ni kaka. Tukizinyamazia, bima italipa, kaka atapokea kupitia kwa mke wake na kumpa mjane kila kitu. Mzee mmoja akasema ni akili. Mwingine akasema jina ni nguo tu. Kaka mwenyewe aliketi ametazama miguu yake.

"Kwa hivyo mimi ndio nimekufa," akasema.

"Kwa karatasi tu."

"Na kama mtu akiniuliza jina?"

"Sema la ndugu yako."

Mjane alikuwa amesimama mlangoni na sufuria ya chai. Hakuna aliyemwuliza neno. Aliiweka sufuria chini, akaniambia, "Mzee, mimi sitaki akili. Andika tu bwanangu alikuwa kazini siku hiyo."

"Mama, nikiandika hivyo utakosa."

"Alitoka hapa saa kumi na moja, alikula viazi viwili, akaenda kazi yako. Unaogopa nini kuandika?"

Wazee walimwambia anyamaze, wanaume wanazungumza. Nami niliona huruma, lakini niliona pia kwamba hajui mambo. Hiyo ndiyo ilikuwa hesabu yangu. Tena, niseme ukweli, kuandika jina la mdogo kulikuwa ni kukiri kwamba niliweka langoni mtu ambaye sikumfundisha, na kwamba kitabu changu chote kilikuwa cha Ijumaa. Viwanda vitatu vya kahawa vingeondoka siku hiyo hiyo.

Tulimzika. Pasta alitaja jina la kweli, maana majirani wote walikuwepo na hakuna aliyeweza kudanganywa. Bima ilikaa kimya mwezi, miwili. Halafu wakamtuma mtu wao, bwana mmoja mnene mwenye mkoba, akaja na faili yetu. Hakupitia ofisini kwangu. Alipanda moja kwa moja hadi kule kijijini, akamkuta mwanaume shambani anapalilia maharagwe.

"Habari ya kazi, ndugu. Natafuta nyumbani kwa marehemu soja."

Kaka akainua mkono akamwonyesha. Bwana yule hakwenda. Alibaki akimtazama, kisha akafungua faili na kutoa fomu ya mafunzo, ile ya kweli, iliyobandikwa picha ya kijana aliyekaza shingo kama jogoo. Aliitazama picha, akamtazama yeye, akaitazama picha.

"Wewe unaitwaje?"

Kaka alijaribu kusema jina la ndugu yake. Aliniambia baadaye kwamba lilikataa kutoka. Alikaa chini kwenye matuta, akaanza kulia, na bwana wa bima akavua kofia, akamngojea amalize. Hata yule mtu, wacha nimpe haki yake, hakumpigia kelele. Fomu kumi na mbili za kweli nilizokuwa nazo katika maisha yangu, na mojawapo ndiyo iliyoniangusha.

Bima ilikataa kabisa. Ilifuta bima ya kampuni yangu nzima siku hiyo. Ikaandikia polisi, polisi wakamweka kaka ndani siku tisa, na mimi nikaitwa ofisi ya leba mbele ya kijana yule mwembamba mwenye sweta. Barua yake ya onyo ilikuwa mezani, nakala. Vitabu vyangu vilikuwa vimepangwa kama matofali.

"Mzee, kaa. Nani alikuwa kwa lango?"

Nikamtajia jina la mdogo. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kulitaja katika ofisi.

"Alifundishwa siku gani?"

"Hakufundishwa."

"Ameandikwa wapi kama mfanyakazi wako?"

"Hajaandikwa."

"Basi nitamlipishaje mtu kwa ajili ya mtu hayuko?"

Hapo nilisimama. Nilisema, "Aliyevaa koti langu ni wangu. Andika." Nilijiona shujaa, nitakwambia kweli. Nilifikiri kijana atasimama anipe mkono. Aliandika tu, polepole, akasema ungesema hivyo kwa koplo siku ile Jumapili, bima ingebishana lakini kesi ingekwisha kwa miezi mitatu. Sasa cheti cha kifo kina jina lingine, mashahidi wamesema mambo mawili, na mwajiri mwenyewe ni mwongo kwa maandishi. Akasema, "Mama huyo atangoja."

Alingoja miaka miwili na miezi minne. Kesi ilipelekwa mahakamani, na kila mara tuliambiwa turudi. Mara faili haiko, mara koplo amehamishwa Isiolo, mara hakimu yuko likizo. Mjane alikuja mara saba za kwanza, na mtoto mgongoni, akiketi benchi ya nyuma bila kunitazama. Halafu hakuja tena. Robo ekari yake ilishikiliwa na mashemeji, kwa sababu mume wake alikuwa hai serikalini, na mke wa mtu aliye hai hawezi kurithi. Alichukua watoto akaenda Mwea kupalilia mpunga wa watu kwa kibarua. Mkubwa alikuwa ameacha shule.

Kaka naye alibaki amekufa. Chama cha ushirika kilikataa kumlipa pesa ya kahawa yake mpaka alete cheti kwamba yuko hai, na hakuna ofisi Nyeri nzima inayotoa cheti kama hicho. Nimekwenda naye mimi mwenyewe, milango mitano. Kila karani anamtazama, anasema, "Naona uko hapa, mzee, lakini hapa imeandikwa." Mpaka ninapoandika hivi bado hajarekebishwa. Anauza kahawa yake kwa jina la mke wake.

Kampuni yangu iliisha vizuri, kama ng'ombe anavyoisha kiangazi, kidogo kidogo akiwa amesimama. Viwanda vya kahawa viliondoka kwanza. Wahindi wakafuata, kwa adabu, mmoja mmoja, kila mmoja akinipa soda. Nilibaki na masoja tisa na stesheni moja. Karani alirudi kwa ng'ombe zake. Nilianza kufundisha tena, nyuma ya posho mili, siku tatu, watu tisa, kila mmoja akitia sahihi yake kwa mkono wake, wengine kidole. Vitabu vikawa vichafu vizuri. Lakini hakuna aliyekuja kuvikagua tena.

Hukumu ilipotoka kwamba nimlipe mjane, niliuza ploti yangu ya Karatina. Mahakama ilitaka risiti ya mjane, kwa hiyo nilikwenda Mwea mwenyewe. Nilimkuta ukingoni mwa mfereji, matope mpaka magotini, amekonda, amezeeka kunishinda mimi. Nilimwamkia. Akaitikia, akasafisha mikono kwa kanga.

"Imetoka, mama."

"Wameandika?"

"Wameandika nini?"

"Kitabu yako ile. Kwamba alikuwa kazini."

Nikamweleza kwamba vitabu vilichukuliwa kuwa ushahidi na viko mahakamani, na kwamba nilipoomba kuviona niliambiwa stoo ilinyeshewa. Hukumu inamtaja mume wake, nikasema, ukurasa wa pili, lakini inasema tu "mtu aliyekuwa langoni." Nikamfungulia ukurasa huo. Hakuutazama.

"Mtu," akasema. "Sawa."

Akaniuliza kidole kinawekwa wapi. Nikamwonyesha. Wino haukushika vizuri kwa sababu ngozi ya vidole ilikuwa imelika na maji ya mpunga, ikabidi ajaribu mara tatu. Alizihesabu noti mbele ya mtoto wake mkubwa, akazifunga kwenye kanga, akasema ana mistari minne ya kumaliza kabla msimamizi hajapita. Akashuka tena majini.

Malipo yake, faini yangu, wakili, jeneza na gari la mochari, niliyajumlisha kwenye basi nikirudi Nyeri, nikayajumlisha tena mezani kwangu, kwa maandishi safari hii. Shilingi elfu kumi na saba, mia saba na tano.